Nchi ya Kisima, Nchi ya Pampu na Mtani Wangu

Nyie vijana mnaotoka vyuoni na shahada za uhusiano wa kimataifa, karibuni dukani kwangu Kashaulili. Siku hizi nauza vitenge na sabuni, lakini nilikuwa afisa itifaki katika ofisi moja ya serikali hapa Mpanda, na nawaambia mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni viti. Msinicheke. Juzi alikuja binti mmoja mwenye miwani, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akaniuliza nina maoni gani kuhusu ushindani wa mataifa makubwa barani Afrika. Nikamwambia avute kile kigoda akae. Mimi nilikuwa juu ya kiti kirefu cha kaunta. Haukupita muda shingo ikaanza kumuuma kwa kunitazama juu, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba kazi. Nikamwambia, mwanangu, somo la kwanza umeshalipata, sasa hamia kwenye benchi tuzungumze.

Mji mzima unaniita Mama Viti. Niliingia itifaki kwa kusukumwa tu. Nilikuwa mpiga chapa, kompyuta zikaja, mashine yangu ikapelekwa stoo, na bosi akasema huyu mama ana mdomo, mpelekeni kwa Mzee Kasonso. Huyo Mzee Kasonso ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alikuwa Mbende wa hapahapa, mwembamba, mtu wa suti ya kaunda, na ujanani aliwahi kuhudumu katika ubalozi wetu mmoja ng'ambo. Alirudi na tabia mbili tu: kunywa chai isiyo na sukari na kutomwamini mtu yeyote anayetabasamu kabla hajakaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukalia kila kiti kabla ya mgeni. Siyo kukigusa kwa mkono, kukikalia kwa uzito wako wote na kujizungusha. Sababu ni kwamba kabla sijafika, ofisi iliwahi kupokea wageni wa nchi mbili kubwa siku moja, wakawekwa kwenye makochi mawili yaliyofanana kama mapacha. Kumbe moja lilikuwa limekufa springi. Bwana mkubwa wa kwanza akakaa wima kama bwana harusi. Wa pili alikaa, akashuka, akaendelea kushuka, hadi magoti yakawa karibu na kidevu. Alimaliza kikao kizima akiwa kule chini, akiandika kwa shida, na walipotoka nje akamuuliza mkalimani wake kama serikali yetu imebadili msimamo kuhusu nchi yake. Mzee Kasonso alisema ilichukua mbuzi wawili na safari ya kwenda kuona viboko mbugani Katavi kumrudishia yule bwana imani.

Mzee huyohuyo alinipa majibu matatu ya kazi, na nyie mnaweza kuyachukua bure. La kwanza, "Tumepokea." La pili, "Tunalifanyia kazi." La tatu, "Karibuni chakula." Msidhani ni mzaha. Nchi kubwa haziji Mpanda kuangalia mahindi. Zinakuja na mradi mkono mmoja, na mkono wa pili zinataka kujua tutasimama na nani kule mataifa yanakopigia kura, kana kwamba mkono wa kunyanyua uko hapa kwetu na siyo kwa wakubwa wetu. Ukisema ndiyo, umemuudhi mmoja. Ukisema hapana, umemuudhi mwingine. Ukisema tumepokea, hujasema umekubali, na hakuna anayeweza kukushtaki. Wakikubana zaidi, unalifanyia kazi. Wakizidi kukubana, unawakaribisha chakula, kwa sababu mtu mwenye paja la kuku wa kienyeji mdomoni hawezi kukudai msimamo.

Lakini hata Mzee Kasonso alichemsha mara moja, na hiyo ilikuwa barabarani. Siku hizi sehemu nyingi kuna lami, mnasafiri huku mnachezea simu. Zamani zetu ilikuwa vumbi, na kwenye msafara gari la nyuma ndilo linalokula vumbi lote. Tulikuwa na magari mawili ya wageni wakubwa, kila mmoja hataki kuwa nyuma ya mwenzake. Maneno yalipokuwa mengi Mzee Kasonso akapata akili, au alidhani ameipata. Akamnong'oneza kila dereva kwa siri kwamba kwa desturi zetu mgeni rasmi ndiye anayefika wa mwisho. Ni kweli, nyie wenyewe mnajua, mgeni rasmi akifika wa kwanza watu wanajiuliza kama ana njaa. Basi tukatangulia na gari letu bovu, tukafika kijijini, tukapanga ngoma, tukasubiri. Hakuna gari. Pilau likapoa, kwaya ikarudia nyimbo zake mpaka watoto wakazikariri. Mwishowe tukarudi kuwatafuta, tukawakuta katikati ya pori wameegesha, mmoja kulia na mmoja kushoto, injini zimezimwa, kila dereva anamwonyesha mwenzake kwa mkono kwamba tangulia wewe. Waheshimiwa ndani wanavuja jasho na wanatazamana kupitia vioo. Nikisikia redioni kwamba mataifa makubwa yamekwama kwenye mazungumzo, huwa naiona ile barabara.

Sasa niwape habari ya kisima, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi ya yote, na mwalimu wake hakuwa Mzee Kasonso, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Alikuwa mwanamke aliyenitukana kila tulipoonana.

Kiapo cha utumishi hakistaafu, kwa hiyo nchi zenyewe sitazitaja. Nitaita moja Nchi ya Kisima na nyingine Nchi ya Pampu. Zote mbili mnazijua, kila siku zinanuniana kwenye taarifa ya habari. Upande wa Katumba kulikuwa na kijiji ambacho watu wake walichota maji mtoni, kwenye mamba. Ni kijiji cha mchanganyiko: Wafipa kama mimi, Wanyamwezi, na familia zilizokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, zikalima, zikazaa, zikapata uraia. Nchi ya Kisima ilikuja ikachimba kisima kirefu, ikazungushia uzio, ikatia geti na kufuli, na kwenye geti ikabandika nembo yake. Kisha fedha za mradi zikaisha kabla ya pampu. Nchi ya Pampu ikasikia, ikaja mbio, ikafunga pampu, sola na tangi, na kwenye tangi ikachora bendera yake kubwa hivi kwamba ungeiona ukiwa bado shambani. Swichi ikawekwa ndani ya kasha la chuma, nalo likatiwa kufuli.

Hapo ndipo utaona ukubwa wa wakubwa. Ufunguo wa geti ulikuwa na Nchi ya Kisima, ufunguo wa kasha ulikuwa na Nchi ya Pampu, na kila mmoja alikataa kufungua mpaka kwanza auzindue mradi peke yake, kwa jina lake. Mmoja alisema kisima bila pampu ni shimo tu, na mwenzake akasema pampu bila kisima ni chuma chakavu. Wote walikuwa sahihi. Maji yako chini, pampu iko ndani ya maji, jua linawaka juu ya sola, na akina mama wanapita kando ya uzio na ndoo kichwani kwenda kwenye mamba. Niliona kwa macho yangu nikakasirika mpaka nikashindwa kula chakula cha kijiji kile, na mimi sikatai chakula.

Wakubwa wetu wakaamua kwamba uzinduzi uwe mmoja na nchi zote mbili ziwepo, na kazi nikapewa mimi. Nikafungua kundi la WhatsApp lenye maafisa wa pande zote. Sitaki kulikumbuka. Bendera zipimwe kwa futikamba. Soda za meza hii zisiwe za baridi kuliko za meza ile. Jina lipi litangulie kwenye bango? Nikawaambia bango litakuwa na pande mbili, kila mtu atasoma upande wake. Wakaridhika, na mpaka leo sijui kama waliona upuuzi wa jambo lile au la. Nchi ya Pampu ikamaliza kwa kusema kwamba wakidharauliwa siku hiyo, watang'oa pampu yao na kuipeleka mkoa mwingine. Hawakuwa wanatania, tayari fundi wao alishaulizia lori.

Kabla ya siku hiyo nilikwenda kuongea na kamati ya maji ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bukuru, mmoja wa wale waliotoka Burundi wakiwa vijana, mzee mpole anayesema kidogo. Mjumbe mwenye kelele alikuwa Bi Nyamizi, Mnyamwezi, mjane, mwenye kovu refu la mamba kwenye shavu la mguu wa kushoto. Kwa wale mliokulia Dar mkadhani utani ni vichekesho vya simu, niwaeleze. Sisi Wafipa na Wanyamwezi ni watani. Mababu zetu walishikana mashati huko nyuma kwenye njia za biashara, wakachoka, wakakubaliana wawe wanatukanana badala ya kuumizana. Mtani wako anaweza kukuita mchawi mbele ya mchungaji. Ukifiwa, anakuja kuziba njia ya makaburini, analala chini na kujifanya maiti, haamki mpaka waliofiwa wamkomboe kwa kitu fulani. Na hicho kitu akishakitia mkononi, hakuna wa kukidai, hata kingekuwa koti la marehemu.

Siku hiyo ya kamati Bi Nyamizi alinisikiliza nikieleza mambo ya bendera na soda, akakunja uso.

"Hawa watu wawili wanagombana?" akauliza.

"Sana, mtani."

"Wanapigana?"

"Wao kwa wao hapana. Wanaogopana."

"Na biashara je?"

"Wanauziana vitu kila siku, meli kwa meli."

"Basi ni watani hao," akasema. "Ungesema mapema, Mfipa wewe, unatupotezea muda na mambo ya soda."

Nilikuwa na haraka, gari linapiga honi, nikamjibu ndiyo, kama hivyo. Nikaondoka, sikulifikiria tena neno lile.

Siku ikafika. Viti viwili vya kimo kimoja, nimevikalia vyote viwili kwa uzito wangu wote. Mwakilishi wa Nchi ya Kisima alikuwa mama mrefu mwenye kofia ya majani, na wa Nchi ya Pampu alikuwa bwana mfupi mnene anayetabasamu muda wote, yule ambaye Mzee Kasonso angemwogopa. Funguo walikuwa nazo wenyewe, mama kwenye pochi, bwana kwenye mfuko wa koti. Kati yao alikaa dada mkalimani aliyetoka Dar, anayejua lugha zote mbili, amevaa viatu virefu ambavyo vilizama kwenye mchanga kila aliposimama. Ngoma ikapigwa, kwaya ikaimba, mambo yakaenda vizuri hadi nikaanza kupumua.

Yule mama wa Kisima akasimama kuhutubia. Alishukuru kila mtu, akasema nchi yake inachimba visima vinavyodumu, tofauti na wengine ambao huleta vyuma vya bei rahisi. Nilimwona dada mkalimani anatafuta neno la kulainisha, lakini yule bwana hakuhitaji mkalimani. Tabasamu likatoka usoni kama taa iliyozimwa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamwashiria dereva wake awashe gari, na ufunguo wa kasha ukiwa mfukoni. Fundi wake akaanza kupiga simu, na nikajua ni ya lori. Bosi wangu akanitazama mimi. Nilijaribu jibu la kwanza, nikajaribu la pili, nikatamka na la tatu, lakini pilau halikuwa limeiva. Sitawaficha, niliona ndoo zile zikirudi mtoni.

Ndipo Bi Nyamizi akatoka kwenye kundi la akina mama, akatembea taratibu mpaka mbele ya lile gari, akatandika kanga mavumbini, akalala chali. Akajifunika ya pili hadi kichwani.

"Nimekufa," akasema kwa sauti kutoka ndani ya kanga. "Nimekufa kwa kiu. Kisima kimefiwa, Pampu imefiwa. Waliofiwa wanikomboe."

Wanyamwezi wakapiga vigelegele. Wafipa wote wakageuka kunitazama mimi, na hapo nikakumbuka yale maneno ya kwenye kamati. Wanangu, nilikuwa na sketi ya ofisi, beji kifuani, na bosi wangu amesimama pale. Lakini mtani akilala hivyo, mtani wake lazima ajibu, vinginevyo ni aibu ya ukoo hadi ukoo. Nikavua viatu. Nikaenda nikakaa chini kwenye vumbi pembeni yake, nikashika kichwa kwa mikono miwili na kulia kwa sauti kubwa kwamba afadhali amekufa, maana Mnyamwezi huyu alikuwa anamaliza mihogo ya watu.

"Mihogo yenyewe michungu," maiti ikajibu. "Na mtoeni huyu Mfipa hapa, ataniua mara ya pili kwa uchawi wao wa radi."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wale wageni walisimama kama waliopotea stendi. Dereva alizima gari, kwa sababu hata huko kwao nadhani hawakanyagi maiti inayoongea. Nikamwona dada mkalimani anatafsiri huku na huku, anasema kwamba hii ni desturi, kwamba watu wamewatambua waheshimiwa kuwa ni watani, watu wanaogombana kwa adabu, na kwamba watani wakikosa adabu hutozwa. Yule bwana akasema kwa ukali kwamba yeye hana utani na mtu.

Mzee Bukuru akainuka. Wafipa na Wanyamwezi walikuwa kwenye mchezo, yeye hakuwa na upande, ndiye pekee pale aliyekuwa hafungamani na yeyote. Akasogea mpaka karibu na wale wageni, akavua kofia.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi utani huu si wangu, nimeukuta huku. Kule nilikotoka, watu waliacha kwanza kutaniana. Ndipo yakaanza yale mengine."

Akavaa kofia, akarudi kukaa. Dada mkalimani alitafsiri kwa lugha ya kwanza, kisha akatafsiri kwa lugha ya pili. Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia tu bendera zinapigwa na upepo, zote mbili kwa usawa, kama tulivyozipima.

Yule mama mrefu ndiye aliyeanza. Alivua ile kofia ya majani, akachutama, akafungua pochi na kuweka ufunguo wa geti juu ya kanga, kifuani kwa maiti. Akamwambia yule bwana jambo fulani fupi kwa lugha yake mwenyewe. Dada mkalimani aliniambia baadaye kwamba alisema, vyuma vyenu vizuri, nimekosea. Bwana akasimama pale muda, anatazama lile kovu la mamba lililokuwa limetokeza nje ya kanga. Kisha akatoa ufunguo wake akauweka pembeni ya ule mwingine, na tabasamu likarudi, safari hii dogo zaidi na lenye sura ya mtu.

Bi Nyamizi akafufuka. Akanyakua funguo zote mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kufungua geti, akafungua kasha, akabonyeza swichi kwa kidole gumba. Tangi likaanza kunguruma. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakatoka meupe, na mama mmoja mwenye ndoo akaanza kulia, na mimi mwenye beji nikalia naye.

Jioni, wageni walipojiandaa kuondoka, maafisa wao wakamfuata Bi Nyamizi kudai funguo. Akawatazama kama watu wasio na wazazi. Akaniita niwafundishe. Nikawaeleza kwamba kwa sheria ya utani kilichotumika kumkomboa maiti hakirudi. Walibishana kidogo, kisha kila upande ukaona kwamba ukidai wenyewe na mwingine asidai, utaonekana mchoyo. Kila mmoja akamwachia mwenzake aanze kudai. Mpaka magari yanaondoka hakuna aliyeanza, na kwa mara ya kwanza ile tabia ya barabarani ikatusaidia.

Hawakusahau, lakini. Miezi kadhaa baadaye Nchi ya Kisima ilinipigia simu kwa upole kuulizia ufunguo wake. Nikasema tumepokea. Nchi ya Pampu nayo ikapiga. Nikasema tunalifanyia kazi.

Yule binti mwenye miwani aliponisikiliza hadi hapo akaniuliza, sasa bibi, kwa tathmini yako, ni nchi ipi ilishinda? Nikamwambia anasoma sana lakini hasikilizi. Maji wanakunywa kina nani?

Bi Nyamizi alifariki mwaka jana, kitandani kwake, na siyo kwa mamba. Nilikwenda msibani na kanga mbili. Walipolitoa jeneza nje, nikaenda nikatandika moja njiani, nikalala, nikajifunika ya pili. Nikasema kwa sauti kwamba haendi mtu makaburini, Mnyamwezi huyu ana mihogo yangu. Nikanyamaza nikingoja jibu. Ningali nimelala pale ndipo nikaelewa kwamba mtu wa kunijibu ndiye waliyembeba. Nililia chini ya ile kanga, na kilio kile hakikuwa cha mchezo.

Binti yake akachutama, akaweka kitu kifuani kwangu. Nilivyokishika nikajua bila kufunua uso: funguo mbili kwenye kamba moja. Makufuli yenyewe yalishatolewa siku nyingi, geti liko wazi, wanaingia mpaka mbuzi. Nikaamka, njia ikafunguka, tukamzika.

Sasa zinaning'inia hapa dukani, pale juu ya sabuni, na kwa sheria mnayoijua hakuna wa kunidai. Lakini kama nyie mtaajiriwa huko kwenye balozi zetu, na mkasikia nchi mbili bado zinaulizia funguo zao, waambieni ziko kwa Mama Viti, Kashaulili. Waje wote wawili, siku moja, gari moja. Viti nimeshavikalia. Karibuni chakula.